Treni ya bustanini ikigoma, anza na njia: matatizo ya reli ndogo kwenye mandhari ya jangwa

Mtu akiniletea kichwa cha treni ndogo ya mfano, ile ya kuendesha uani, na kusema "hiki kimekufa", mara nyingi kichwa hakina ugonjwa wowote. Njia ndiyo mgonjwa. Imechafuka, imejikunja kwa jua, au waya uliofukiwa ardhini umeliwa na kutu. Nimekulia Tabora karibu na stesheni, na kila asubuhi niliwaona watu wa gengi, yaani wakaguzi wa njia, wakitembea juu ya mataruma, ile mihimili inayobeba reli, macho chini, treni hawaiangalii hata ikipiga honi. Nilipohamia Tucson, Arizona, nikaanza kujenga reli yangu uani, nilisahau kabisa nilichokiona utotoni. Nilifungua gia, nikabadilisha mota mbili, nikamlaumu muuzaji, na tatizo lilikuwa kiungo kimoja cha reli chini ya jiwe.

Kwa hiyo hapa nimepanga mambo kwa dalili, jinsi unavyoyakuta: umetoka nje na chai yako, umewasha, na kuna jambo haliko sawa.

Kwanza vipimo, ili tuelewane. Reli nyingi za bustanini, zangu zikiwemo, zina upana wa milimita 45 kati ya reli na reli. Upana huo ulienea baada ya kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, kuanza kuuza treni zake za LGB mwaka 1968. Uzuri wake ni kwamba njia ileile inabeba ulimwengu tofauti kulingana na kipimo cha kichwa, yaani kimepunguzwa mara ngapi kuliko cha kweli. Ukitumia 1:22.5 umepata reli yenye upana wa mita moja, yaani ile ya Mombasa hadi Kisumu au ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Ukitumia 1:20.3 umepata reli ya futi tatu ya Marekani, ile ya migodini. Mimi naiga Death Valley Railroad, reli ya futi tatu iliyobeba madini ya boraksi kutoka Ryan hadi Death Valley Junction, California, kati ya 1914 na 1931. Kichwa chake namba 2 bado kipo Furnace Creek, ukipita utakiona. Anayetaka jangwa la kwetu anaweza kuiga nyika ya Taru, kati ya Mombasa na Voi, ambako wajenzi wa reli miaka ya 1890 walilazimika kuletewa maji kwa treni. Vichaka vya miiba, udongo mwekundu, tangi la maji. Sijaona mtu aliyeijenga, na ninaona ni hasara.

Kabla hujashika bisibisi

Jiulize maswali matatu. Tatizo linatokea saa ngapi? Linatokea mahali palepale au popote? Linampata kila kichwa na kila behewa, au mmoja tu?

Kinachotokea saa nane mchana na hakitokei saa moja asubuhi ni joto. Kinachotokea palepale ni njia. Kinachofuata kichwa kimoja kokote kinakokwenda, hapo sasa una ruhusa ya kufungua kichwa.

Kichwa kinasitasita, taa zinapepesa, kisha kinasimama

Umeme hapa unapita kwenye reli zenyewe, unaingia kwa magurudumu. Katikati ya reli na gurudumu kuna vumbi la jangwa, na vumbi likikutana na mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye gia linakuwa ugoro mweusi usiopitisha umeme. Pitisha kitambaa cheupe juu ya reli. Kikitoka cheusi, umepata jibu la kwanza. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti, au funga msasa laini kwenye ubao wenye mpini mrefu usukume kama anayepiga deki. Safisha na magurudumu, maana wengi husafisha reli na kuacha magurudumu, halafu treni inazunguka mara tatu na kuirudishia reli uchafu wake.

Stilwaya ya kusugulia masufuria usiitumie. Inaacha nyuzi ndogo za chuma, na nyuzi hizo zinavutwa na sumaku ya mota. Baada ya hapo utasikia harufu ya kuungua na utajua kosa lako.

Kama reli ni safi na kichwa bado kinachoka kadiri kinavyokwenda mbali na transfoma, basi umeme unapotea njiani. Wengi hupima vibaya hapa. Wanaweka mita ya kupimia volti kwenye reli pasipo treni, inasoma volti 18, wanasema umeme upo. Njia isiyo na mzigo itakudanganya siku zote. Tafuta balbu ya lori ya volti 24, ile ya breki, uiunganishe kwenye reli mbili pale mwisho wa njia, ndipo upime. Nilipofanya hivyo kwangu mwaka wa kwanza, 18 iliyotoka kwenye transfoma ilifika 11.

Sasa tafuta zile saba zimekwenda wapi. Balbu ikiwa bado inawaka, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, juu ya reli ileile. Kiungo kizima kinasoma karibu sifuri. Kiungo kibovu kinasoma volti nzima au zaidi. Tembea kiungo hadi kiungo, umeinama kama mtu anayepanda mahindi. Mimi nilikuta viungo vitatu tu vilivyokula karibu zote.

Dawa ya kudumu ni moja kati ya mbili. Ama ubadilishe vile vipande vya kuchomeka vinavyounganisha reli na reli uweke vibano vya skrubu vinavyokaza reli mbili pamoja, ama ulehemu waya mfupi unaoruka kiungo. Ule waya mfupi uache ulegee kidogo, sababu utaiona tukifika kwenye joto. Kisha peleka umeme sehemu kadhaa za njia badala ya sehemu moja, na usibane matumizi kwenye waya. Hesabu yake ni hii: ukipeleka umeme mita 20, unakwenda 20 na kurudi 20. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 utakula chini kidogo ya volti moja treni ikivuta ampea 3. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, ule wa spika, utakula zaidi ya volti nne. Halafu mtu anasema mota dhaifu.

Wapo waliochoka na haya yote wakaweka betri ndani ya behewa nyuma ya kichwa na kuendesha kwa rimoti. Kwa anayeishi jangwani kweli, au Muscat au Dubai ambako vumbi haliishi, nadhani wao ndio wenye akili. Reli inabaki kuwa njia tu, haijalishi ni chafu kiasi gani. Lakini betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa moto. Mwisho wa nyingi ni nyuzijoto 45. Behewa jeusi lililoshinda juani linapita hapo bila wewe kujua. Iache ndani ipoe, ndipo uichaji.

Asubuhi inakwenda, mchana inaanguka

Hili ndilo tatizo la jangwa hasa, na ndilo lililonifundisha adabu.

Nilikuwa nimemwaga msingi wa zege, mstari ulionyooka wa mita 12, nikafunga mataruma kwa skrubu kila sentimita 30. Kilikuwa kitu cha kupendeza. Ilikuwa Januari. Mwezi wa tano nikatoka nje mchana nikakuta njia imenyanyuka na kupinda kama nyoka aliyekanyagwa, na skrubu kadhaa zimeng'oka na plastiki yake.

Shaba nyeupe, ambayo ndiyo reli nyingi za aina hii, inarefuka kwa takriban sehemu 19 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja. Inasikika kama si kitu. Lakini reli iliyofungwa asubuhi ya nyuzi 15, ikapigwa na jua ikafika 65, imepanda nyuzi 50. Mita 12 zinarefuka milimita 11 na ushee. Ukizifunga ncha zote mbili zisitembee, kwa hesabu milimita hizo 11 zinatosha kuisukuma katikati kwenda kando zaidi ya sentimita 20. Aluminiamu ni mbaya zaidi, sehemu 23. Chuma cha pua kisichoshika kutu ni nafuu kidogo, 17, na hakichafuki haraka, ila bei yake inamtoa mtu jasho kuliko jua lenyewe.

Namna ya kutambua: lala chini utazame kwa jicho moja kufuata reli, mara moja asubuhi na mara moja saa nane. Tazama nafasi kwenye viungo. Zikiwa zimejifunga kabisa mchana na kuna sehemu njia inayumba, ndiyo hiyo. Kwenye kona utaona mataruma yamesogea nje na kuacha mfereji wa kokoto upande wa ndani.

Marekebisho yake ni kuiacha njia ielee. Toa skrubu zote isipokuwa chache sana. Mimi nimebakiza moja katikati ya kila mstari ulionyooka, na kwenye daraja na pointi, yaani pale reli inapogawanyika. Kwingineko kokoto ndizo zinazoishika, na kokoto zinaruhusu kusogea. Acha nafasi kwenye viungo kulingana na joto la wakati wa kutandika. Kwa kipande cha mita moja na nusu, ukitandika asubuhi ya baridi acha karibu milimita moja na nusu. Ukitandika mchana wa Juni acha kama unene wa karatasi. Kona ni rafiki yako hapa: njia yenye kona inapumua kwa kutanuka nje kidogo na kurudi, wakati mstari mrefu ulionyooka hauna pa kwenda. Ndiyo maana sasa mstari wangu wa mita 12 una mpindo mdogo katikati ambao wageni wanadhani ni wa urembo.

Ukiwa umelehemu viungo vyote ili upate umeme mzuri, umejifunga mwenyewe. Weka viungo vinavyoteleza kila baada ya mita tano au sita, na zile nyaya fupi zilizolegea zivuke juu yake.

Tena mchana mafuta ya gia yanakuwa mepesi kama maji na yanamwagika. Tumia grisi nzito inayofaa plastiki. Na mimi, tangu Juni hadi Septemba, treni naziendesha baada ya magharibi. Watoto wanaliona treni la taa, na hakuna anayeungua vidole.

Inaanguka palepale, saa yoyote

Chukua behewa moja, jepesi kuliko yote, ulisukume polepole kwa kidole kupita pale. Utaona gurudumu gani linapanda kwanza. Weka pima maji fupi kukatisha reli mbili kila sentimita kumi. Reli moja ikishuka na nyingine ikabaki, njia imejisokota, na behewa refu lenye magurudumu manne yasiyocheza litapanda tu. Inua mataruma, sindilia kokoto chini, pima tena.

Kama ni behewa moja tu linaloanguka, pima ndani ya magurudumu yake mawili yanayotazamana. Kwa njia ya milimita 45 nafasi hiyo inakaa karibu na 40. Yakikaribiana sana yanagonga pointi. Ongeza uzito kwenye mabehewa matupu, uweke chini kabisa, na magurudumu ya chuma badala ya plastiki yanamaliza nusu ya kesi zenyewe.

Mlima je? Mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita unapandika bila shida. Ukifika 4 kichwa kitateleza na mkia mrefu wa mabehewa utavutwa kuelekea ndani ya kona mpaka uanguke. Kosa hilo ni la mchoraji, halirekebishwi kwa grisi.

Ukiwasha tu, inapiga shoti

Haraka haraka: angalia msumari, bisibisi au waya uliolala juu ya reli mbili. Kisha uliza kama njia yako inazunguka na kurudi kwenye yenyewe, treni ikitoka imegeuka. Ikiwa ndivyo, reli ya kulia inakutana na ya kushoto, na lazima ukate reli zote mbili ncha mbili za mzunguko huo na kuupa umeme wake wenyewe wa kugeuzwa. Baada ya mvua kubwa, shoti ndogo ndogo zinatokana na tope lenye chumvi kati ya reli. Kwangu ilitokea kwa sababu nilimwaga chumvi ya kweli kuigiza bonde jeupe la Death Valley. Ilipendeza kwa siku nne. Tumia vumbi la mawe ya chokaa au marumaru.

Kokoto zinatoweka

Kwanza jiulize ulitumia nini. Wengi wanachukua changarawe za mviringo za dukani, kwa kuwa ni nzuri. Mviringo haushikani, kila treni ikipita zinabingirika, na ndege anayechakura anamaliza kazi. Unataka mawe yaliyopondwa, yenye kona kali, kuanzia vumbi hadi milimita tano au sita, vyote vimechanganyika. Kona zinafungana na vumbi linajaza mapengo. Nenda kwa wanaoponda mawe uombe yale mabaki ya chini ya chekeche. Kwangu gunia lilikuwa la bei ya soda mbili.

Kuna wanaochanganya saruji kidogo na kunyunyizia maji ili iwe ngumu. Inashika, sikatai, ila rudi usome habari ya joto hapo juu uniambie reli itapumulia wapi.

Zikitoweka baada ya mvua, hujakosa kokoto, umekosa mfereji. Watu hudhani jangwa halina maji. Arizona mvua za kiangazi hushuka kati ya Julai na Septemba, na zikija zinakuja zote kwa pamoja, saa moja ya mafuriko kisha kimya wiki nzima. Ardhi ngumu hainywi. Reli za kweli za jangwa la Mojave, California, zilisombwa kwa namna hiyohiyo. Siku ya mvua vaa buti utoke nje uangalie maji yanapita wapi, halafu hapo hapo jenga korongo kavu na daraja juu yake. Hilo ni bora kuliko kupigana nayo, na daraja juu ya korongo lisilo na maji ndilo linalomwambia mtazamaji kwamba hapa ni jangwa, kuliko dungusi ishirini.

Gia zinasaga, sauti kama mtu anayetafuna karanga mbichi

Mchanga umeingia. Swali ni mchanga gani.

Kuna mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Unauona kwenye makorongo, mistari myeusi mvua ikishakauka. Sumaku ya mota inauita kutoka kwenye kokoto, unapanda, unaingia, na hautoki. Spika ya sauti ya treni nayo ina sumaku, nayo inajaa mpaka inakoroma. Kabla hujamwaga mchanga wowote karibu na njia, tia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki uipitishe juu yake. Ikitoka na manyoya meusi, mchanga huo upeleke mbali na reli, ukatengeneze vilima. Mimi hupitisha sumaku njia nzima mara moja kwa mwezi, imefungwa chini ya behewa, na sijawahi kukosa mavuno.

Kichwa ambacho tayari kinasaga usikiongezee mafuta, unatengeneza msasa wa maji. Fungua chini, futa grisi yote ya zamani, osha gia kwa brashi na spiriti, kausha, paka grisi mpya kidogo. Kidogo kabisa. Grisi inayoonekana kwa nje inakamata vumbi jipya.

Pointi zisizofunga vizuri huwa na ugonjwa huohuo: punje moja kati ya ulimi na reli. Ufagio mdogo wa kupakia rangi unatosha, ufagie kabla ya kila safari.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini mandhari hayafanani na jangwa

Hii ni dalili kama nyingine, na ina sababu zake.

Ya kwanza ni kuchanganya majangwa. Saguaro, lile dungusi refu lenye mikono, ni la jangwa la Sonora, sehemu kubwa Arizona na Mexico. Death Valley halipo. Mtu anaweka saguaro kila mahali kwa kuwa ndiyo jangwa la katuni. Mimi adhabu yangu ni kwamba jirani ana saguaro la kweli, refu kuliko nyumba, linachungulia juu ya ukuta moja kwa moja kwenye mandhari yangu, na sheria ya Arizona hairuhusu kulikata hivihivi hata angetaka. Ukiiga Sonora, sawa, lipande, lakini kwa kipimo: saguaro la mita 12 katika 1:20.3 ni karibu sentimita 60. Watu huweka la sentimita 15, na kichwa cha treni kinaonekana kama ghorofa.

Ya pili ni mawe. Jiwe ulilookota popote ni jiwe tu. Mwamba una tabaka, na tabaka za mlima mmoja hulala upande mmoja. Tafuta mawe ya aina moja, yenye mistari, uyapange yote yakiinamia upande uleule kwa pembe ileile, uyazike theluthi moja ardhini. Mawe yaliyosimama juu ya ardhi yanaonekana kama yamemwagwa na lori, kwa sababu yamemwagwa na lori. Chini ya kila genge weka vipande vidogo vya jiwe hilohilo, maana mlima hujimenya na mabaki yake hulala miguuni.

Ya tatu ni rangi. Jangwa la Death Valley halina rangi ya chungwa kama kwenye kalenda. Ni kijivu, hudhurungi, manjano ya maji ya chai, na milima yenye madoa ya waridi na kijani. Mawe yaliyokaa juani miaka mingi huvaa ngozi nyeusi inayong'aa, na ukiyavunja ndani ni mepesi. Kwa hiyo usionyeshe upande uliovunjika. Niligeuza mawe yote, kazi ya Jumamosi moja, na mke wangu, ambaye hapendi treni, akaniuliza nimenunua mawe mapya wapi.

Ya nne ni mimea mingi. Wacha ardhi tupu. Kichaka kimoja hapa, kingine hatua moja ya mwanasesere kule, kwa kuwa mimea ya jangwa hugombania maji na huachiana nafasi. Kwa vichaka natumia portulakaria, mmea wa kusini mwa Afrika wenye majani madogo manene. Unavumilia jua na unakatika kuwa umbo la mti wowote. Dungusi wadogo wa jamii ya mamilaria, wenye umbo la kidole, wanafaa. Wakinyauka kuanzia chini na kulainika, wameoza, umewanywesha mno au wamekaa kwenye udongo mfinyanzi. Wang'oe, wakaushe siku kadhaa kivulini mpaka kidonda kifunge, uwapande kwenye mchanganyiko ambao nusu yake ni changarawe. Wakipauka na kuwa na makovu meupe upande wa magharibi, ni jua limewaunguza. Waliletwa kutoka dukani kivulini na hukuwazoesha.

Nyumba zimepinda, rangi imekufa

Kama ulizichapa kwa printa ya vitu kwa plastiki ya PLA, hakuna la kuokoa. PLA inalegea karibu na nyuzi 60, na paa jeusi juani linafika hapo kabla ya adhuhuri. Stesheni yangu ya kwanza ililala chali kama imepigwa ngumi. Chapa kwa plastiki ya ASA, inavumilia mpaka karibu 100 na jua haliivunji haraka. Toboa matundu chini na juu ili hewa ipite, paka paa rangi hafifu, tumia rangi ya kuta za nje. Bora zaidi ni vibao vya saruji na jiwe lenyewe. Mbao ikipauka iache. Migodini nyumba zilikuwa hivyo.

Treni imeingia handakini, haijatoka

Usitie mkono.

Handaki ni kivuli, na kivuli katika jangwa kina wenyewe. Nimekuta mjusi amelala juu ya reli, nimekuta kichuguu cha sisimizi kilichoinua njia sentimita mbili, nimekuta kiota cha panya kilichojengwa kwa kokoto zangu mwenyewe na dungusi wangu wawili. Siku hizi kila handaki lina paa linalofunuka, kipande cha mlima kilichokaa juu ya fremu ya aluminiamu, na hakuna lililo refu kuliko mkono wangu. Kama lako tayari limezikwa, vuta treni kwa fimbo yenye ndoano.

Kisha usiku rudi na taa ya miale ya urujuanimno, ile ndogo ya kukagulia noti. Nge wanang'aa kijani chini yake, wanaonekana kutoka mita kadhaa. Mara ya kwanza nilihesabu wanne, mmoja akiwa ndani ya chumba cha dereva.

Fundi, vaa glavu.